Mita ya "DCC" iliyotaka kuniunguzia dekoda

Naanza na nyota mbili. Nikimaliza kuandika tutaona kama zitabaki.

Ni ile mita ndogo ya manjano ya kupimia umeme (multimita) ambayo duka moja la treni za mfano, huku Ujerumani, limeibandika kikaratasi: "Hupima volti za reli, DC na DCC". DCC ni mfumo wa kidijitali: reli zile zile hupeleka umeme na amri, na dekoda, kile kibodi kidogo ndani ya treni, huzipokea. Kikaratasi hicho si cha kiwandani, ni cha duka. Mita yenyewe upande wa AC (umeme unaogeuka mwelekeo) ina hatua mbili tu, 200 na 750, na kijitabu chake kinasema wazi kwamba AC ni ya hezi 45 hadi 450. Yaani umeme wa ukutani. Aliyebandika hakufungua kijitabu, au alifungua akanyamaza.

DCC si AC ya kawaida. Ni mawimbi ya mraba yanayogeuka chanya na hasi: biti ya 1 hukaa maikrosekunde 58 kila nusu, biti ya 0 hukaa 100 hivi. Piga hesabu, unapata hezi 5,000 hadi 8,600, na hubadilika kadiri amri zinavyotumwa. Mita ya hezi 450 hapo inabahatisha tu. Yangu ilisoma 10.6 kwenye meza ya HO (treni za kipimo cha 1:87), punde ikasema 9.9, na sijagusa kitu. Busta, kifaa kinacholisha reli umeme, ilikuwa inatoa 14.2.

Nikarudi dukani, nikaeleza kwa upole. Muuzaji hata macho hakuinua: "Reli zako zina kutu. Zipige msasa, halafu ongeza volti kwenye busta mpaka isome 14."

Kutu! Reli zangu ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Hiyo kutu itoke wapi? Hushika weusi, nao hutoka kwa kitambaa chenye spiriti. Ukizipiga msasa unaacha mikwaruzo ambayo uchafu utajazana humo kila wiki. Na hilo la busta ndilo lililonichefua kabisa. Mita inayosoma 10.6 penye 14.2, ukiifuata mpaka iseme 14, relini utakuwa na karibu 18.8. Vitaa vya volti 12 vinaungua, dekoda inachemka ndani ya bodi ya plastiki isiyopitisha hewa. Huo ndio ushauri wa mtu anayeuza dekoda. Labda ndiyo biashara yenyewe.

Haya, nisiionee mita. Upande wake wa DC uko sawa, na DCC hupimika kwa DC ukijua njia. Chukua diodi nne za 1N5819, zifunge briji (muungano unaofanya umeme utoke upande mmoja daima), miguu miwili ya kuingilia kwenye reli mbili. Kwenye kutokea weka kapasita ya maikrofaradi 1 ya volti 50, ukiangalia chanya na hasi, na rezista ya kiloomu 10 sambamba nayo. Weka mita kwenye DC 20, soma, kisha ongeza 0.4, maana umeme hupita diodi mbili kwa wakati mmoja na kila moja hula kama 0.2. Yangu inasoma 13.8, jumla 14.2. Usitumie 1N4007 kwa sababu tu zimejaa kwenye droo. Ni nzito kujifunga, zilitengenezewa umeme wa hezi 50.

Kama busta yako ina skrubu ya ardhi, hata diodi huhitaji: pima DC kutoka ardhi hadi reli moja, kisha hadi reli ya pili, jumlisha. 7.1 na 7.1. Ila hakikisha hakuna injini ya analogi (isiyo na dekoda) inayoendeshwa kwa anwani 0, kwani hiyo hurefusha biti za 0 upande mmoja na namba hizo mbili hazitalingana. Wala msikimbilie mita yoyote kwa sababu imeandikwa TRMS (yaani hupima sawasawa hata wimbi lisilo la kawaida); tazameni kwanza inafika hezi ngapi. Nyingi huishia hezi 1,000.

Na volti bila mzigo hazisemi kitu. Mita haivuti umeme, kwa hiyo kiungio kibovu cha reli kitaonyesha 14.2 kama kizima. Weka taa ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, mwisho wa reli, ndipo utembeze mita. Kwangu kabla ya kiungio kimoja ilikuwa 13.7, baada yake 11.4. Volti 2.3 zimeliwa na kipande cha bati kisichofika sentimita moja na nusu. Ni karibu wati 4 za joto, na mataruma ya plastiki yako chini yake. Nililehemu waya mpya kutoka waya mkuu wa milimita za mraba 2.5 hadi kila kipande cha reli, ikarudi 13.6 mpaka mwisho.

Kwa hiyo mita hii ndiyo iliyokikamata kile kiungio. Nyota tatu basi.

Lakini kila nikikisoma kile kikaratasi naikumbuka ile "kutu", na kuna mtoto au mzee fulani wiki hii atauziwa hiyo hiyo na kuambiwa aongeze volti. Nyota moja. Yangu nimeizungushia utepe mweusi upande wote wa AC, na diodi nimezilehemu moja kwa moja kwenye nyaya zake.