Sofa ya Keko, viti vya baba na kasha la bibi: sebule yetu baada ya miezi saba

Kwa miaka mitatu sebule yetu hapa Tabata ilikuwa na makochi ambayo hakuna aliyependa kuyakalia. Tuliyanunua dukani yakiwa ndani ya nailoni, meusi, yanang'aa, yale yanayouzwa kwa jina la leza. Masika ya pili yalipofika yakaanza kubanduka, na kila asubuhi nikawa napangusa vigaga vyake kwenye sare za shule za watoto. Ile si ngozi ya ng'ombe. Ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki, na plastiki hiyo haivumilii jasho wala hewa ya unyevunyevu. Dar es Salaam ina vyote viwili mwaka mzima.

Kilichonifanya nichukue hatua ni mama. Alikuja kutoka Tanga kutibiwa magoti. Makochi yale yalikuwa chini mno, na kina chake kirefu, kwa hiyo kila alipotaka kwenda kuswali ilibidi mtu amshike mikono yote miwili amvute. Siku ya tatu akaomba kiti cha plastiki kutoka uani. "Mwanangu, hapa napaweza," akasema, akakaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya sebule ya binti yake, makochi yakiwa matupu pembeni. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilijua nisichokitaka. Sikutaka sebule nyeupe na kijivu yenye baridi ya ukumbi wa benki. Wala sikutaka kuirudisha sebule ya utotoni kwetu, yenye shoo-kesi la vyombo visivyoguswa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, ambamo sisi watoto tuliruhusiwa kuingia sikukuu tu. Nilitaka iliyo katikati: umbo la leo, lililonyooka, lisilo na nakshi nyingi, likae pamoja na mbao za zamani, na mtu akirudi kutoka kazini aweze kupandisha miguu bila kuogopa kuharibu kitu. Na vya zamani nilikuwa navyo tayari. Viti viwili vya mikono vya mninga alivyonunua baba Tanga mwaka 1984, vilivyokuwa stoo vikibeba ndoo za rangi. Na kasha la bibi mzaa mama, lenye njumu za shaba na droo tatu chini, ambalo nilikuwa nimelificha chumbani kwa sababu niliona halifanani na kitu chochote.

Nikazunguka Keko Jumamosi mbili. Kwa asiyepafahamu, ni upande wa Temeke, ukishika barabara ya Chang'ombe unakuta karakana za samani zimefuatana, vitanda na makochi yametolewa nje mpaka kando ya barabara, vumbi la mbao na harufu ya vanishi vinakupokea kabla hujashuka kwenye bajaji. Karibu kila fundi niliyemsalimia alinionyesha picha kwenye simu na kuniuliza nataka dizaini gani. Yule niliyempa kazi hakutoa simu. Aliniuliza, "Dada, nani anakaa hapo zaidi?"

Nikamweleza habari za mama. Akataka kujua urefu kutoka nyuma ya goti lake mpaka sakafuni, na kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti, akiwa amekaa wima. Nikampigia simu binti yangu mkubwa, akampima bibi yake kwa futi ya cherehani pale pale. Fundi akaandika juu ya kipande cha mbao kwa penseli: kalio liwe juu sentimita 44, kina sentimita 52, mkono wa kochi uwe wa mbao mgumu, mpana, ufike mbele kabisa ili mtu ausukume wakati wa kuinuka. Makochi yetu ya zamani nilipoyapima nyumbani yalikuwa na kimo cha sentimita 36 na kina cha 65. Hapo nikaelewa kwa nini mama alikuwa anavutwa. Ukiondoka hapa na jambo moja tu, liwe hili: nenda kwa fundi na vipimo vya mtu, siyo na picha.

Karakana yenyewe haina kibao wala jina. Nilipewa risiti ya daftari, na nilitoa kianzio cha nusu.

Nimeipenda sana sofa hii kwa sababu ya mambo yasiyoonekana. Nilitaka fremu nzima iwe ya mninga, fundi akanikatalia. Akasema mninga utaonekana kwenye miguu na mikono, lakini ndani, chini ya kitambaa, ni kutupa hela. Atatumia paini ya Mafinga iliyotiwa dawa ya wadudu, bora iwe imekauka. Alinionyesha pia jinsi ya kuutazama mninga: ule wa kahawia wenye wekundu ni moyo wa mti, mgumu, haujipindi sana, ile ngozi yake nyeupe pembeni ndiyo wadudu wanaoipenda. Akaikata ile nyeupe mbele yangu. Viungo vyote ni vya ulimi na tundu na gundi, misumari nimeiona ya kubania mikanda inayobeba sponji tu. Miezi saba watoto watatu wanairukia, na haijalia hata mara moja.

Sponji ilikuwa na mvutano kidogo. Muuzaji wa jirani alikuwa na vipande viwili vya ukubwa ule ule, sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 10, vyote anaviita "hevi". Fundi akanipeleka kwa muuza mchele aliye mkabala, tukaviweka juu ya mizani. Kimoja gramu 450, kingine gramu 800. Hesabu yake ni nyepesi: kipande cha ukubwa huo ni moja ya arobaini ya mita ya ujazo, kwa hiyo zidisha kwa 40, cha kwanza ni kilo 18 kwa mita ya ujazo, cha pili kilo 32. Cha kwanza kingelala ndani ya mwaka. Nililipa zaidi nikachukua cha pili, na leo ukiinuka kalio linarudi mahali pake. Mizani haidanganyi, vidole vinadanganya, maana sponji mpya zote ukiziminya zinafanana.

Kitambaa nilibishana na fundi karibu saa nzima. Yeye alitaka veleveti ya damu ya mzee yenye vifungo mgongoni, alisema ndiyo inayotoka sana. Nami namheshimu, lakini veleveti kwenye joto letu inakukamata mgongo, na vifungo vinakusanya makombo. Nikachagua kitambaa kizito, kikavu, rangi ya mchanga uliolowa, chenye uzi unaoonekana, na mifuko yote ya makalio na migongo iwe na zipu ivuliwe na kufuliwa. Hakuna mshono wa urembo popote. Ukiangalia sofa peke yake ni ya kawaida kabisa, na nilitaka iwe hivyo, kwa sababu kazi ya kupendeza nilikuwa nimeviachia viti vya baba.

Vile viti ndivyo vilivyonitoa machozi. Fundi alianza kwa kupendekeza tuvipige rangi nyeusi ya kung'aa "viwe vipya". Nikamwomba asivipake chochote kabla hatujaona kilichopo chini. Kijana wake akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, akaikwangua nacho ile vanishi ya miaka arobaini polepole, kwa kufuata nyuzi za mbao. Mninga ukatokea chini yake, rangi ya asali iliyokolea, na mistari myekundu. Kisha msasa mpaka ule laini kabisa, kisha mafuta, vikaachwa juani siku mbili. Kwenye mkono wa kulia wa kiti kimoja kuna bonde dogo, mahali ambapo baba alikuwa anaweka kikombe chake na kukizungusha akisikiliza taarifa ya habari. Kijana alikuwa anataka kulisawazisha kwa randa. Nilimzuia kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Bonde lipo mpaka leo, na mwanangu wa mwisho anaweka kikombe pale pale bila kuambiwa na mtu.

Viti vimevikwa kitambaa kile kile cha sofa, na hapo ndipo cha zamani na kipya vilipopatana. Mbao ni za jana, nguo ni ya leo, na miguu ya sofa fundi aliichonga kwa kuiga mteremko wa miguu ya viti. Mgeni akiingia anadhani vilinunuliwa pamoja.

Sasa kasoro, maana zipo. Niliahidiwa siku 14, zikawa 23. Kila nilipopiga simu niliambiwa umeme, halafu mvua, halafu umeme tena. Ungeniambia siku 23 tangu mwanzo ningekubali. Kilichoniumiza ni kupanga kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, mara mbili na kuiahirisha. Pili, na hili ni kubwa zaidi: nilipofua mifuko ya makalio mara ya kwanza, ilirudi ikiwa imepungua karibu sentimita mbili, zipu haifungi. Fundi alikuwa ameniambia kitambaa kililowekwa kabla ya kukatwa. Hakikulowekwa. Namshukuru kwamba hakubisha. Alikuja mwenyewe Tabata, akachukua mita moja ya kitambaa iliyobaki, ambayo nilikuwa nimeidai nikae nayo, akaongeza kipande upande wa zipu kisikoonekana, bila kunitoza hela. Lakini kama nisingedai mabaki ningekuwa natafuta rangi hiyo mpaka leo. Kitambaa kiloweke mwenyewe usiku mmoja, ukianike, ndipo ukipeleke kwa fundi.

Sehemu nyingine za chumba sikutumia nguvu nyingi. Kuta tulipaka wenyewe na baba watoto, rangi ya maziwa inayofutika kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ya mikono ya watoto. Mapazia nilinunua mita Kariakoo, yametoka dari mpaka sakafuni, rangi moja, bila zile shada na mikunjo ya juu. Kwenye dirisha la magharibi nimeweka bitana nyuma, jua la saa kumi linaingia moja kwa moja.

Kasha la bibi limetoka chumbani. Lina urefu wa sentimita 110, na televisheni yetu ya inchi 43 ina upana wa sentimita 97 hivi, kwa hiyo inakaa juu yake kama limetengenezewa. Droo zimebeba rimoti, chaja, karata na daftari za watoto. Shaba sikuing'arisha, niliipangusa tu kwa ndimu mahali palipokuwa pameota kijani. Nilikuwa na wasiwasi mama ataona nimemdharau mama yake kwa kuweka runinga juu. Alilizunguka kasha, akafungua droo ya kati, akanusa ndani, akasema bado lina harufu ya udi. Hakusema lingine.

Mito ya sofa nimeshona kwa khanga. Hapa nina la kuwaambia wanaopenda kufanya hivi: usikate khanga kama kitenge. Khanga ina pindo kandokando, mji katikati na jina, yaani maneno yake, na ukiipasua ovyo unapata vipande visivyo na kichwa. Mimi nilichukua doti mbili, nikapima ili ua la katikati la mji liangukie katikati ya mto wa sentimita 45, na jina nikalikata lote likiwa refu nikalishona kuwa mkanda wa mto mmoja mrefu. Jina lenyewe ni "Wema hauozi". Mama alisema maneno hayakaliwi, yaegemewe, basi mto huo unakaa mgongoni siku zote. Juani khanga inapauka, kwa hiyo mito hii haikai upande wa dirisha la magharibi.

Ukutani kuna picha moja tu, ya tingatinga, ndege wawili kwenye samawati. Mtindo huu alianzisha Edward Saidi Tingatinga hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya ubao mwembamba, na bado naona unabeba chumba kizima peke yake. Samawati ya picha ndiyo niliyoifuata kwenye khanga. Vingine vyote chumbani vimenyamaza ili hiyo isikike. Chini kuna mkeka wa ukindu kwenye marumaru. Zulia nililitoa, lilikuwa linatunza vumbi na kifua cha mtoto hakikuwa kinapumzika.

Gharama, kwa anayetaka kupanga: sofa ya watu watatu 1,150,000, viti viwili kukarabatiwa 280,000, kirikuu 40,000, mapazia 260,000, rangi 120,000, mito 70,000, mkeka 60,000. Haifiki milioni mbili. Makochi yale ya leza yalikuwa yametugharimu zaidi, na tuliyauza kwa mnunua chakavu.

Karakana ningeirudia? Ndiyo, nikiwa na kitambaa nilichokiloweka mwenyewe na tarehe iliyoandikwa kwenye risiti. Kwa mbao na kwa kusikiliza, sijapata fundi kama yule. Kwa tarehe, ongeza wiki moja na nusu kichwani mwako.

Mama yupo hapa tena tangu wiki iliyopita, kwa kliniki. Jana baada ya adhana ya alasiri alisukuma ule mkono wa mninga kwa kiganja, akasimama, akaenda kutawadha, na sisi wote tulikuwa jikoni hatukumwona. Anarudi Tanga Jumapili. Ameuliza kama fundi anaweza kumtengenezea kiti kimoja, cha sentimita 44 hizo hizo, kifungwe vizuri akipeleke kwa basi.