Chaki, Draiva Tatu na Yale Madai ya Yadi 10

Sikilizeni kwanza, salamu baadaye. Huu hapa wa kwanza. Tok! Na huu wa pili. Tiing! Mmesikia? Wa kwanza ni mti, wa pili ni titani. Maswali yote mliyoniuliza mwezi huu, kwamba ni ugunduzi gani uliobadilisha kweli draiva, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali, na upi ni rangi tu, jibu lake liko kati ya milio hiyo miwili.

Haya, hamjambo wadau, karibuni tena. Tuko Kisumu, saa mbili asubuhi, na nimewahi makusudi. Ikifika saa nane upepo wa ziwa unaanza kusukuma mipira, na hapo hakuna kupima, ni kubahatisha. Kamera anashika binti yangu kama kawaida. Huyu pembeni ni Mzee wetu, kedi aliyeanza kubeba mifuko mimi nikiwa bado shule ya msingi, na leo ndiye mwenye chaki. Mzee, wasalimie. Asante.

Nimekuja na hasira, na nitawaambia sababu. Kuna kijana ninayemfundisha, mchezaji wa kawaida tu wa handikapu 19, alikuwa na draiva nzuri tu ya miaka sita. Akaiuza shilingi 15,000, akaongeza 50,000 juu, akachukua toleo la mwaka huu kwa sababu muuzaji amemwambia itampa yadi 10 zaidi. Shilingi 50,000! Hiyo ni karo ya mtu.

Tupige hesabu pamoja. Wanaotunga sheria za gofu ni wawili, USGA kule Marekani na R&A kule Scotland. Mwaka 2004 walishafunga ukubwa wa kichwa: kisizidi sentimita za ujazo 460. Unyumbufu wa uso unaogonga mpira nao, yaani ule mbonyeo unaorudisha mpira kama chaga ya kitanda, una kipimo ambacho hakuna kampuni inayoruhusiwa kukivuka. Tangu 2004 imepita miaka 20 na zaidi. Kama kila mwaka kweli tungeongezewa yadi 10, mimi niliyekuwa napiga 220 wakati ule, leo ningekuwa navuka 420. Mpira ungetoka hapa uangukie kwa wavuvi. Kwa hiyo mtu akikwambia yadi 10, muulize: kutoka wapi, na nikiupiga wapi usoni? Swali hilo la pili ndilo video yote ya leo.

Mzee, leta ile ya mti.

Hii niliachiwa na mwanachama mmoja aliyestaafu. Kichwa ni mti wa persimoni, mgumu, mzito, na mnauona udogo wake, unakaribia kujaa kiganjani. Hivi ndivyo walivyocheza karibu wote mpaka mwaka 1979, pale Gary Adams alipoanzisha TaylorMade na kutoa draiva ya chuma, wakaiita Pittsburgh Persimmon, kwa sababu Pittsburgh ni mji wa chuma. Watu hawakuhama siku moja. Mjerumani Bernhard Langer alishinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 1993 bado akitumia kichwa cha mti.

Sasa angalieni kwa karibu. Binti yangu, sogeza kamera, zaidi, hapo. Mzee anapaka chaki ya kawaida ya darasani, uso wote mweupe. Napiga katikati. Tok. Tazameni alama: duara moja safi, hapo katikati. Leza ya kupimia umbali inasema yadi 214. Mpira umenyooka, na mikononi sikusikia kitu. Nitakuwa mkweli: draiva ya mti ukiigonga katikati, raha yake haina mfano. Mpaka leo sijapata mlio unaoushinda huo.

Paka tena Mzee. Sasa nataka kuupiga huku nje, kwenye ncha iliyo mbali na mpini, upana wa vidole viwili kutoka katikati. Si rahisi kukosea kwa kukusudia, nipeni nafasi. La. Huo umeenda katikati tena. Rudia. Haya, huo! Mmeona mikono yangu ilivyosokotwa? Kichwa kimegeuka kama kitasa cha mlango. Leteni alama hapa: vidole viwili kamili. Mpira umeanza kulia, ukapinda kushoto kwa nguvu, ukafia kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni. Yadi 161. Nimepoteza yadi 53 kwa vidole viwili.

Shikeni namba hiyo, 53.

Sasa hii kubwa, ya 460. Nembo yake nimeifunika kwa utepe, maana leo sitaki tubishane kampuni. Mzee, chaki. Katikati kwanza, tiing, yadi 231. Na sasa ncha. Paa! Njooni tuione alama. Iko pale pale, vidole viwili kutoka katikati, tena naona huu umetoka nje hata kidogo zaidi. Leza: 216. Na uko wapi? Uko kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi, upande wa kushoto, lakini feawei. Yadi 15 tu zimepotea. Kule nilipoteza 53, hapa 15, kosa lile lile, mikono ile ile, asubuhi ile ile.

Hicho ndicho kilichobadilisha gofu, ndugu zangu. Kichwa kinachokataa kugeuka.

Kwa nini kinakataa? Nimebeba ufito wa ufagio na mitungi miwili ya lita 5, imejaa maji. Mzee, uchukue begani, mitungi yote miwili uisogeze karibu na shingo. Geuka kulia, geuka kushoto. Anageuka kwa urahisi. Sasa mitungi tuipeleke kwenye ncha za ufito, iwe mzega kamili. Geuka tena. Mnaona? Maji ni yale yale, lita 10, lakini sasa ufito unambishia. Kuanza kugeuka ni kazi na kusimama ni kazi. Draiva ndivyo ilivyo. Kichwa cha leo kina uzito wa kama gramu 200, hakijapishana sana na kile cha mti. Tofauti ni gramu zimekaa wapi. Kwenye mti zimejazana kati. Kwenye hii kubwa, katikati ni hewa tupu, uzito wote umesukumwa pembeni, kwenye kisigino kilicho upande wa mpini, ncha na nyuma.

Na wazo hilo halikuzaliwa kwenye draiva. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway, aliyeanzisha PING mwaka 1959, ndiye aliyeanza kupeleka uzito kwenye kisigino na ncha, tena kwenye fimbo ndogo ya kusukumia mpira shimoni. Mwenye mzega wa maji angemwelewa mara moja.

Wiki mbili zilizopita nilisema hapa kwamba titani ndiyo ugunduzi namba moja. Leo nairudisha kauli hiyo nyuma kidogo. Titani ilifungua mlango tu. Chuma kilianza, kwa kuwa chuma unaweza kukifanya kitupu ndani. Ndipo kampuni ya Callaway wakaja na Big Bertha mwaka 1991, sentimita za ujazo 190, wakaipa jina la mzinga wa Wajerumani wa Vita vya Kwanza. Ninayo hapa, na hii ndiyo ya tatu. Wakati ule watu waliiona kubwa mno! Iweke karibu na ya 460 uone, kama kifaranga na kuku. Lakini chuma ukikizidisha ukubwa, ama kinakuwa kizito, ama unakikondesha mpaka kinapasuka. Titani ni nyepesi kuliko chuma kwa zaidi ya asilimia 40, na ni imara. Mwaka 1995 ikaja Great Big Bertha ya titani, kama 250, na kuanzia hapo vichwa vikavimba mwaka hadi mwaka mpaka sheria ikasema basi. Titani isingekuwepo, mzega wetu ungebaki mfupi. Kwa hiyo heshima yake iko palepale, ila inakaa nyuma ya wazo.

Ngoja niipige hii ya 1991 kwenye ncha, maana najua mtaniuliza. Chaki. Haya. 188. Iko katikati ya mti na ya leo. Sikutegemea ingefanya vizuri hivyo, kwa kweli. Mtu akiwa nayo nyumbani, asiitupe.

Hapa nitapita haraka. Draiva nyeupe za mwaka 2011 zilikuwa rangi, na rangi haipigi mpira. Vyuma viwili vya kushikanisha paa na sakafu ndani ya kichwa, Callaway Epic ya 2017, ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini ilikuwa inatafuta tone la mwisho ndani ya kipimo kilichokwisha fungwa. Uso wa kaboni wa tabaka 60, TaylorMade Stealth ya 2022, nimeupiga mara nyingi. Unaenda vizuri, ila mlio wake umezibwa kama mtu anagonga mlango wenye pazia. Mimi nataka sikio linijulishe nimepiga wapi.

Za mraba, mnazikumbuka? Mwaka 2007, Nike Sumo Squared na Callaway FT-i. Watu walizikimbia, na ile ya Nike ilikuwa inalia kama debe. Lakini nawaambia, wazo lilikuwa sahihi kabisa! Pembe za mraba zilikuwa zinapeleka uzito mbali, mzega mrefu. Umbo ndilo lililowashinda watu, macho hayakulikubali. Mwaka 2024 PING walitoa G430 Max 10K yenye wazo hilo hilo katika umbo la duara, na watu wakaisifu. Hiyo 10K, kwa faida yenu, si kipimo kimoja, ni viwili vimejumlishwa: ukinzani wa kugeuka kulia na kushoto, na ule wa kwenda juu na chini. Sheria inabana ule wa kwanza, mwisho 5,900. Muuzaji akikutajia elfu kumi kama kwamba kavunja dari, sasa unajua.

Mpini wa grafaiti nao siuachi, na watu wa ziwa mtaupenda huu. Uliletwa na Frank Thomas mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kampuni ya Shakespeare ya Marekani, hao hao wanaojulikana kwa fimbo za kuvulia samaki. Mpini wa chuma wa draiva ulizidi gramu 100, wa leo wengi tunatumia 50 au 60. Bila wepesi huo hakuna ambaye angezungusha draiva ndefu hivi siku nzima. Mpini unastahili video yake, na itakuja.

Kitu kimoja nilikuwa nimepanga kukidharau leo, nacho ni shingo ya kurekebisha, pale mpini unapoingia kwenye kichwa. Sheria iliruhusu mwaka 2008, TaylorMade wakatoa R9 mwaka 2009, na sasa karibu kila draiva ina spana yake. Jana usiku nikawaza: sisi huku Kisumu, Kakamega, Kitale, draiva zetu nyingi ni za mtumba. Zilipimwa kwa mtu mwingine, mwenye urefu mwingine na mkono mwingine. Shingo hiyo inakupa nafasi ya kuifanya yako. Tazama, nalegeza, nageuza pembe ya uso kutoka digrii 9 hadi 10.5, nakaza mpaka spana ilie, ka! Acha hapo, usizidishe nguvu. Jambo ambalo wauzaji hawawaambii: ukiongeza pembe, uso nao unajifunga kidogo kuelekea kushoto. Mwenye slaisi, yaani mpira unaopinda kulia, hiyo ni dawa. Mwenye mpira unaopinda kushoto tayari atajiongezea msiba. Basi nimebadili msimamo. Kwa mtu anayenunua mtumba, shingo naipa namba mbili.

Watazamaji wa Nakuru na Eldoret mnaoniandikia kwamba mnapiga mbali kuliko sisi: ni kweli, na sehemu ni hewa. Kisumu tuko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, Eldoret inapita 2,000. Hewa nyepesi haiushiki mpira sana. Jumamosi ijayo nakuja Nakuru na draiva hizi hizi tatu na chaki hii hii, tupime. Ambaye hajajiunga na chaneli, ajiunge na abonyeze kengele asikose hiyo.

Bei basi, maana ndiyo mnayoisubiri. Draiva ya 460 yenye shingo ya kurekebisha, ya miaka mitano hadi kumi iliyopita, mimi hii nimelipa shilingi 18,000. Kagua mstari ambapo uso unakutana na paa, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, huo ni ufa, rudisha. Tikisa kichwa sikioni, kikicheza kitu ndani, rudisha. Mwaka juzi nilinunua moja mtandaoni bila kuishika, ikafika na maandishi yanayobanduka kwa kidole na uso uliopasuka kwa mipira 40. Pesa ikaenda hivyo hivyo. Usitume pesa kabla ya kuishika.

Na yule kijana wangu: nimempata aliyenunua draiva yake ya zamani, ni mtu wa hapa hapa mjini, na amekubali kutuazima. Kesho saa moja na nusu, kabla ya upepo, atapiga mipira 20 kwa ile ya zamani na 20 kwa ile mpya, zote zimepakwa chaki. Mzee atakuwepo, leza itakuwepo. Zile yadi 10 tutazitafuta hapo.