Pampu ya Phantom 340 ndani ya tangi la Camaro ya 1969

Phantom 340 ni seti ya pampu ya petroli inayotengenezwa na Aeromotive, kampuni ya Lenexa katika jimbo la Kansas, kwa ajili ya wenye magari ya zamani wanaotaka pampu ya umeme izame ndani ya tangi ambalo kiwandani halikuwekewa nafasi yake. Nimeifunga katika tangi la Chevrolet Camaro ya 1969 yenye injini ya inchi za ujazo 350, baada ya kuondoa kabureta ya Rochester, chombo cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, na kuweka mahali pake mfumo wa Holley Sniper, ambao hunyunyiza petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Gari limekwisha kupita majira mazima ya joto ya Houston likiwa na pampu hiyo, na kwa chombo cha aina hii hakuna mtihani mkali kuliko huo.

Pampu ya asili ya Camaro hukaa ubavuni mwa injini, ikisukumwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini, na hutoa shinikizo la pauni 5 hadi 7 hivi kwa kila inchi ya mraba. Kiasi hicho kinaitosha kabureta, lakini mfumo wa Sniper unahitaji kama pauni 58, yaani takriban baa 4, kwa hiyo pampu ya asili haiwezi kabisa kuuhudumia. Wengi hapo hukimbilia pampu ya umeme ya nje, wanayoifunga kwenye chesisi karibu na tangi, kwa kuwa kazi yake ni nyepesi na tangi halitobolewi. Ubaya ni kwamba pampu hizi zina nguvu ya kusukuma kuliko kuvuta. Zinapolazimika kuvuta petroli kutoka tangini, shinikizo la upande wa kuingilia hushuka, na petroli iliyopata joto huchemka upesi zaidi shinikizo linaposhuka. Mvuke ukishaingia ndani ya pampu, hakuna tena cha kusukuma, na gari huanza kukohoa katikati ya foleni na hatimaye kuzima. Petroli inayouzwa katika vituo vingi vya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo huzidisha wepesi wa kuchemka. Wenye magari ya zamani walioko Nairobi wanayajua mambo haya kwa njia nyingine, kwani huko ni mwinuko wa nchi ndio unaopunguza shinikizo la hewa.

Pampu iliyozama haina shida hiyo, kwa sababu petroli huijia yenyewe kwa uzito wake, na petroli hiyo hiyo huipoza mota inapofanya kazi. Watengenezaji wa magari walikwisha kulifikia jibu hili miaka mingi iliyopita, na ndiyo maana karibu kila gari la kisasa la petroli lina pampu yake tangini. Phantom inaleta jibu hilo kwenye tangi la zamani, na kwa upande wa usanifu imefanya hivyo kwa akili.

Seti ina kifuniko cha alumini chenye milango mitatu, mmoja wa kutolea petroli, mmoja wa kurudishia na mmoja wa kupumulia. Chini ya kifuniko huning'inia pampu kwenye kishikio ambacho fundi hukikata mwenyewe kulingana na kina cha tangi. Inakubali matangi yenye kina cha inchi 6 hadi 11, na la Camaro, ambalo hubeba galoni 18, limo ndani ya kipimo hicho. Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile inayoizunguka pampu kule chini: zulia la sponji nzito isiyoyeyuka katika petroli, ambalo hukaa juu ya sakafu ya tangi na kuizuia petroli isikimbie pampu gari linapokata kona. Tangi la 1969 halikuundwa kwa ajili ya mfumo wa kunyunyiza. Kabureta ina bakuli lake dogo la akiba, kwa hiyo hewa ikipita kwa sekunde moja injini haina habari, ilhali mfumo wa Sniper hauna akiba yoyote na huonyesha kasoro hiyo papo hapo.

Kazi yenyewe ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini na anayefikiria kununua. Tangi hushushwa, na mtu asidanganyike kwamba tangi tupu ni salama: mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, na tangi lililomwagwa jana linaweza kuwa na kiasi hicho hasa. Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikalisuuza, kisha nikalijaza maji hadi vidole viwili chini ya mahali pa kukata, ili nafasi ya mvuke iwe ndogo kabisa. Drili nilitumia ya upepo, kwa sababu mota ya drili ya umeme huweza kutoa cheche ndani yake inapozunguka. Shimo linalotakiwa ni la inchi 3 na robo, takriban milimita 83, na msumeno wa kikombe wa kulikatia, unaofungwa kwenye drili, nilinunua kando. Meno yake niliyapaka grisi nzito, na kila baada ya mizunguko michache nikaufuta na kuupaka upya. Chenga za bati zilishikamana na grisi, na zile chache zilizoangukia majini nilizitoa kwa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo kabla ya kumwaga maji. Chenga moja ikibaki, safari yake ya kwanza ni kwenye chujio la pampu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Seti inakuja na pete ya kuongozea matundu ya bolti, na pete nyingine yenye bolti zake ambayo huingizwa tangini kupitia shimo lile lile na kuvutwa juu ikabana bati kwa ndani, kwa hiyo hakuna kulehemu. Gasketi yake ni nene na laini, na ilikaa vyema licha ya mikunjo ya bati iliyokuwa juu ya tangi langu. Naipa sifa kubwa hapa, maana kuchomelea tangi la petroli ni kazi ambayo mafundi wengi wa mtaani huikataa, na wana haki.

Lawama yangu inaliendea duka la vipuri la jirani, ambalo sitalitaja, na si seti. Niliomba bomba la mpira la akiba la kukaa ndani ya petroli, nikapewa mpira mzuri kwa macho wenye maandishi ya njano yaliyosomeka J30R9. Huo ni mpira wa mifumo ya shinikizo kubwa, lakini umetengenezwa kubeba petroli kwa ndani huku nje ukizungukwa na hewa. Unaofaa kuzama ni ule wa J30R10, ambao ngozi yake ya nje nayo inastahimili petroli. Muuzaji alisisitiza kwamba ni mamoja. Si mamoja hata kidogo, kwani mpira usiofaa hulainika, huvimba na hatimaye kupasuka ndani ya tangi, ambako hakuna anayeona uvujaji wake ila shinikizo linaloshuka pasipo sababu. Atakayefanya kazi hii na asome maandishi ya mpira kabla ya kulipa, na akumbuke kwamba J30R10 hugharimu mara kadhaa zaidi kwa kipande kifupi.

Nyaya hazikuwa na jambo geni: waya mnene kutoka betrini, fyuzi, rilei (swichi ya umeme) inayoamrishwa na kompyuta ya Sniper, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bati safi la chesisi. Kwenye mlango wa kupumulia niliongeza vali inayojifunga gari likipinduka. Nafasi kati ya kifuniko na sakafu ya buti ndiyo iliyonipa kazi, kwa sababu ni finyu na ilinilazimu kutumia viunganishi vya kupinda nyuzi 90. Geji ya mafuta haikuguswa, kwa vile kielea chake kimebaki katika tundu lake la asili.

Barabarani pampu inasikika kwa sekunde mbili ufunguo unapowashwa, kama nyuki aliyefungiwa chupani, kisha injini ikiwaka sauti hiyo humezwa kabisa. Pampu ya nje niliyoisikia kwenye Chevelle, gari lingine la Chevrolet, ya rafiki yangu hupiga kelele safari nzima. Kwenye foleni ya saa nane mchana mwezi wa Agosti, shinikizo halikuyumba. Nililijaribu tangi likiwa chini ya robo, kwenye mzunguko mkali wa kuingilia barabara kuu, na injini haikukatika. Tangi likikaribia sufuri kabisa sponji hiyo haiwezi kufanya miujiza, na pampu inayopoozwa na petroli haipendi kuachwa kavu.

Linalohitaji kuzungumzwa zaidi ni ukubwa. Namba 340 ni lita kwa saa, na ingawa kiasi hupungua shinikizo linapopanda, bado ni kingi mno kwa injini ya kawaida. Injini ya nguvu za farasi 300 ikikanyagwa hadi mwisho hutumia takriban nusu pauni ya petroli kwa kila nguvu ya farasi kwa saa, yaani pauni 150, ambazo hazifiki lita 100. Zinazobaki zote hupita kwenye bomba la kurudishia, zikibeba joto la chumba cha injini kulipeleka tangini, na katika safari ndefu ya jua kali tangi langu hushikika kwa taabu. Mimi nilichagua 340 kwa kuwa natarajia kuweka injini kubwa zaidi. Mwenye injini ya 350 isiyobadilishwa anunue Phantom 200 ya kampuni hiyo hiyo, itamtosha na kubaki. Mwenye tangi lililokwisha kuliwa na kutu asihangaike kulitoboa, kwani Aeromotive huuza matangi mapya ya Camaro yenye pampu ndani. Na anayebaki na kabureta, iwe ya Camaro au ya Peugeot 504, hana sababu ya kutumia dola mia kadhaa hapa: pampu ya asili iliyo nzima, pamoja na bomba lililowekwa mbali na joto la ekzosi, vitamfikisha.