Seti "kamili" ya mtoto wa pogona: kila kitu kimo isipokuwa jua

Naanza na nyota mbili. Mnivumilie, maana hasira bado ziko juu na sijui nikimaliza kuandika zitakuwa zimebaki ngapi.

Nilinunua seti ya kuanzia ya pogona, yule mjusi wa ndevu ambaye asili yake ni nyika kame za Australia. Tangazo linajinadi kwamba ukishafungua boksi huhitaji kununua kitu kingine: kizimba cha kioo, taa, jiwe la umeme, kipimajoto, mchanga na kitabu cha maelekezo. Vipimo vyake vimejaa kwenye tangazo, kasomeni huko. Mimi nina neno kuhusu taa, na kuhusu kijana aliyepokea simu.

Kabla ya kulipa niliuliza swali moja tu, tena kwa maandishi, na maandishi ninayo mpaka leo. "Hiyo taa inatoa UVB?" Jibu likaja haraka: "Ndiyo dada, ni taa maalum ya reptilia." Nikalipa.

Anayewajua wanyama hawa anaelewa kwa nini niliuliza hilo na sikuuliza rangi ya kizimba. Ngozi ya pogona ikipigwa na mionzi ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ndipo mwili unapotengeneza vitamini D3, na bila D3 unaweza kumnyunyizia kalsiamu kwenye kila mlo na asifaidi chochote, inapita tu. Kwa mkubwa madhara huchelewa kuonekana. Kwa mtoto hayachelewi. Anatoka kwenye yai akiwa na urefu wa sentimita kama 10, na kwa mwaka mmoja hivi anakaribia ukubwa wake kamili, sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia. Mifupa yote hiyo itajengwa na nini? Kalsiamu ikikosekana kwenye damu, mwili unaanza kuichota kwenye mifupa iliyopo. Taya linalainika, miguu inapinda, misuli inatetemeka. Ni ndugu wa matege ya watoto, na chanzo ni kilekile.

Mjusi wangu nimemwita Mzee, kwa ajili ya zile ndevu ambazo hata hazijaota vizuri. Siku za mwanzo alikuwa moto. Ukiingiza nyenje anamkimbiza kona hadi kona. Kisha akaanza kupoa taratibu. Siku moja nikamwekea nyenje mbele ya pua kabisa. Akainamisha kichwa, akamtazama kwa jicho moja, akatoa ulimi, akakosa. Hakujaribu tena. Alibaki amelala kifudifudi pale juu ya gogo, mwili mzima umetulia, isipokuwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kilikuwa kinarukaruka peke yake. Nilikitazama kile kidole mpaka nikaogopa.

Daktari wa wanyama alimgusa taya la chini kwa ncha ya kidole, akalibonyeza polepole, kisha hakuniuliza habari ya chakula. Aliniuliza, "Taa yake ikoje?" Nikamwonyesha picha ya balbu. Akatikisa kichwa. Akaniandikia kalsiamu ya matone, akasema tumewahi, na kwamba dawa bila taa ni kazi bure.

Mfugaji mwenzangu akaja na kipimo chake cha UVI, kile kinachosoma nguvu ya mionzi yenyewe. Tukakiweka chini ya taa maalum ya reptilia. 0.0. Tukakisogeza mpaka kikakaribia kugusa balbu. 0.0. Nikasema labda kifaa kimekufa, tukatoka nacho nje, juani namba zikapanda zenyewe. Tukarudi ndani tukakiweka kwenye jua lilelile lakini nyuma ya dirisha lililofungwa, zikaporomoka hadi sifuri. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Likumbukeni hilo la dirisha, nitalirudia sasa hivi. Na ile balbu nilipoifungua nikaisoma vizuri, ni balbu ya kawaida ya waya, kioo chake kimetiwa ubuluu kidogo. Inatoa joto na mwanga. Basi.

Wapo watakaosema ningeipima mapema. Kipimo cha UVI ni kifaa cha watu waliobobea, na mtu hununua seti ya kuanzia kwa sababu anaanza. Niliuliza, nikaambiwa ndiyo.

Nikapiga simu.

"Kaka, habari. Nilichukua seti yenu ya pogona. Ile taa haina UVB."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Sasa shida iko wapi, dada?"

Nikavuta pumzi, nikaeleza. Daktari, taya, kidole, sifuri. Nilieleza kwa upole kuliko ninavyoeleza hapa. Akanisikiliza, au alikuwa anakula, nilisikia kutafuna. Kisha akasema, "Mweke dirishani apate jua."

Nikamwambia mambo ya kioo. Akacheka. "Dada yangu, huyo ni mjusi. Mbona wa ukutani wanaishi bila taa?"

Kaka, wa ukutani kwanza si pogona, na pia hajafungiwa kwenye kizimba cha kioo ulichoniuzia wewe. Pogona kule kwao hukwea juu ya kisiki au nguzo ya uzio mchana kweupe na kuota jua la jangwa kwa saa nyingi. Jua ndilo maisha yake. Hayo nilikuwa nayapanga kichwani niyaseme kwa adabu ndipo akanimalizia kabisa: "Na akifa si unarudi tu, tutakufanyia bei nzuri upate mwingine."

Akifa si unarudi tu! Hata kama umechoka, hata kama siku nzima unajibu wateja wakorofi, kuna maneno mtu hayasemi. Nilikata simu mwenyewe. Nyota ikawa moja.

Haya, niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli watasema nina chuki binafsi. Kizimba chenyewe ni kizuri. Milango yake ya kioo iko mbele, inateleza kushoto na kulia, haikwami. Hilo si jambo dogo. Pogona ana jicho la tatu utosini, doa dogo lililofunikwa na gamba, halioni picha bali linahisi mwanga na kivuli. Mkono ukishuka kutoka juu, kwake yeye huyo ni mwewe. Vizimba vya kufungulia juu humfanya mtoto aishi kwa hofu kila unapomlisha. Hiki cha mlango wa mbele kimemfanya Mzee azoee mkono wangu mapema, sasa anaupanda mwenyewe. Aliyechora kizimba hiki anawajua wanyama. Kwa hiyo nilirudisha nyota, zikawa mbili, ndizo mlizoziona hapo juu.

Lakini aliyekijaza vitu sijui alikuwa nani.

Kipimajoto ni kile cha mshale cha kubandika ukutani. Kinapima joto la kioo pale kilipobandikwa, si la mahali mnyama anapolala. Kilikuwa kinasema nyuzi 32 kwa raha zake. Nilipoelekeza kipimajoto cha infraredi kwenye lile jiwe la umeme, nilipata zaidi ya 50. Mtoto wa pogona anataka sehemu ya kuotea jua yenye uso wa nyuzi 40 hadi 43 hivi za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba uwe wa baridi, 25 hadi 29, ili achague mwenyewe apoe au apate moto. Tena joto litoke juu, kama jua linavyofanya. Mawe ya umeme yana sifa mbaya siku nyingi: mnyama analalia, tumbo linaungua, na yeye hashtuki kwa wakati. Nimelitoa. Taa nyekundu ya usiku nayo nimeitoa. Anaiona vizuri tu na inamharibia usingizi. Nyumba isiposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, giza linamtosha.

Mchanga wa kalsiamu nimeumwaga. Watoto hulenga nyenje na kuzoa mchanga, na huu wa unga unagandana ukiloa. Kwa sasa amelala kwenye karatasi za kufutia za jikoni, hazipendezi machoni, lakini kinyesi kinaonekana na kinatolewa palepale.

Kitabu cha maelekezo ndicho kilichonirudisha kwenye ile simu. Ukurasa wa katikati una picha ya watoto wawili wa pogona, mmoja amempanda mwenzake mgongoni chini ya taa, na maneno chini yake yanasema wanapenda kukaa pamoja. Wanapenda! Huyo wa juu anajitwalia joto na mwanga, na wa chini ndiye anayenyimwa. Pogona ni mnyama wa kukaa peke yake. Ukiwaweka watoto pamoja, mmoja atakula, mwingine atadumaa, halafu siku moja utakuta ncha ya mkia haipo au vidole vimetafunwa. Na mkia wa pogona hauoti tena, si kama wa mjusi wa ukutani ambaye yule kaka anampenda sana kumtolea mfano. Kwa hiyo kampuni inayouza seti, inayouza na wanyama, inachapisha picha ya mnyama anayeonewa na kuiita upendo. Mteja anunue wawili, mmoja akifa si anarudi tu. Mnaona inavyoungana?

Nimenunua taa kwingine. Ni tyubu ya T5, yaani taa nyembamba ndefu ya fluoresenti, ya UVB asilimia 12, ina kiakisi mwanga chake, imeenea zaidi ya nusu ya urefu wa kizimba. Nimeifunga ndani, kwa sababu ikikaa juu ya wavu wa paa la kizimba, wavu unakula sehemu kubwa ya mionzi. Iko kama sentimita 40 juu ya gogo analolalia, na kipimo cha yule mwenzangu kilisoma 4 na ushei mahali pa mgongo wake. Iko upande mmoja na balbu ya joto, kwa hiyo akiota moto anaota na UVB. Taima inawasha na kuzima, saa 12 hadi 14 kwa siku. Nimeandika tarehe kwenye kitako cha tyubu kwa kalamu ya wino mzito, maana UVB huisha huku mwanga bado unaonekana mzuri, na kila baada ya mwaka hivi, au kama mtengenezaji alivyoelekeza, inabadilishwa.

Chakula hakikuwa na ugomvi, nyenje wasizidi upana kati ya macho yake mawili, wamepakwa unga wa kalsiamu, mara mbili tatu kwa siku, na waliobaki natoa kabla ya giza kwa sababu humtafuna yeye usiku. Majani yaliyokatwakatwa yapo kila asubuhi. Anayakanyaga. Wanasema akikua atageuka awe mla majani zaidi ya wadudu, tutaona.

Mzee amepata nguvu. Kidole kimetulia. Anafungua mdomo juu ya gogo akishapata moto wa kutosha, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, msije mkapiga simu kuuliza, mtaambiwa mkamweke dirishani.

Sasa hapa ndipo mambo yalipotaka kugeuka. Nilipokuwa naandika haya, mama mmoja wa dukani kwao alinipigia. Sauti ya utulivu, akajitambulisha, akasema naye anafuga pogona na amesikiliza malalamiko yangu mwenyewe. Akauliza kwanza, "Mtoto anaendeleaje?" Kwanza mnyama, ndipo hela! Akaomba radhi kwa maneno ya yule kijana, akakiri kwamba taa ya kwenye seti ni ya joto tu, akasema maandishi ya kwenye tangazo yatarekebishwa na kwamba nitarudishiwa hela ya taa yote. Tukazungumza muda mrefu mambo ya tyubu na umbali. Anajua kazi yake. Nikalainika. Nikafika mahali pa kufuta kila kitu nilichoandika na kuweka nyota tatu, hata nne, kwa ajili yake tu. Mkibahatika akapokea yeye simu, mko salama.

Jana hela imeingia. Pungufu. Wamekata gharama za usafirishaji, za taa ambayo wao wenyewe ndio walioileta na wao wenyewe ndio waliosema ina UVB. Nikatuma ujumbe kuuliza, nikijua mama yule atajibu. Akajibu kaka: "Ni utaratibu, dada. Kwani mjusi si amepona?"

Tangazo nimelifungua tena muda huu. Halijarekebishwa. Nyota ni moja, na hela yangu ya usafirishaji bado naidai.