Elimu bila ada: tathmini ya mzazi wa darasa la tano

Nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa ajili ya vitabu tu.

Binti yangu anasoma shule ya serikali huku Mbagala. Kumwandikisha sikutoa hata shilingi. Dada yangu, aliyeandikisha wake kabla ya mpango huu kuanza 2016, alidaiwa hela ya dawati, ya mlinzi na ya mtihani siku hiyohiyo. Vitabu vya kiada vipo, ingawa wanashirikiana watatu kwa kimoja, na kikikosekana tunafungua maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kwenye simu.

Kasheshe iko kwenye uendeshaji. Serikali imeweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka mzima. 4,000 inabaki huko juu kununua vitabu, 6,000 ndiyo inatumwa shuleni. Kwa mwezi ni 500, chapati moja kwa mama ntilie wa mtaani kwetu. Hapo utoe chaki, karatasi za mitihani na kitasa cha choo. Kiwango chenyewe kimetoka enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), 2002, kilipolingana na dola 10. Leo hata dola tano haifiki.

Kwa hiyo michango imerudi kupitia dirishani. Kwenye kikao tunaambiwa ni ya hiari, kisha yanasomwa majina ya watoto ambao hawajaleta. Hiari gani hiyo ya kusomewa majina?

Shemeji yangu anasema serikali haiwezi kubeba kila kitu, mzazi naye achangie. Sawa shemeji, uji nalipia bila kinyongo, na sare ni juu yangu, ndivyo waraka wa serikali wa elimu bila ada ulivyosema tangu mwanzo. Ila mlinzi na umeme wa shule visitegemee kama leo nimeuza samaki au sijauza. Mwaka 2022 ada ikafutwa hadi kidato cha tano na sita. Nawapongeza waliofika huko, lakini mimi hela hiyo ningeanza kuiongeza huku shule za msingi, walikojaa watoto.

Unayewaza kumtoa mtoto shule binafsi, mlete, walimu wanajituma. Tenga hela ya uji. Na kikao cha wazazi usimtume dada wa kazi: nenda mwenyewe, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe kabla ya mchango mpya kutajwa.