Mbegu ya bebikoni isiyomwaga chavua: saba kwa kumi

Nianze na alama, mwenye haraka aende zake: saba kwa kumi. Ingekuwa nane kama si maganda.

Hii ni mbegu chotara ya bebikoni, yale mahindi machanga yanayoliwa na gunzi lake, ambayo mbelewele zake, yaani maua ya dume kileleni mwa shina, ni tasa. Zinachomoza kama kawaida lakini hazimwagi chavua. Kampuni siitaji, maana nina malalamiko, na malalamiko hayo ni ya shamba moja tu hapa Kirinyaga, Kenya.

Aliyewahi kung'oa mbelewele kwa mkono ataelewa kwa nini niliinunua licha ya bei yake. Usipoziondoa mapema, chavua huangukia ndevu, punje zinavimba, gunzi linanenepa na wakala analisukuma pembeni. Kwa hiyo unapita mstari kwa mstari majani yakikukwaruza shingo, na kibarua asiye makini anavuta mbelewele pamoja na majani ya juu. Halafu unamlipa wakati hujauza hata gunzi moja! Kwa mbegu hii gharama hiyo imetoweka, na hapo ndipo imepata alama zake nyingi.

Ila jirani yangu ana mahindi ya kawaida ng'ambo ya mfereji, nayo si tasa. Upepo ukivuma, chavua yake inakuja kwangu bila hodi. Mistari ya upande ule ilibidi niichume ndevu zikianza tu kuchungulia, ilhali kwingine ningeweza kungoja siku moja au mbili. Muuzaji hakuligusia hilo.

Mimea yenyewe ilifanana sana, kimo na siku za kutoa ndevu, kama inavyotarajiwa kwa chotara ya wazazi wawili tu. Hilo lina maana kubwa kuliko urefu wa shina ambao watu hupenda kuupiga picha. Ndevu zikitoka kwa mpigo, unajua lini uite wachumaji, na magunzi yanalingana. Wanunuzi wanataka kama sentimita 5 hadi 10, unene usiozidi moja na nusu, yamenyooka, vipunje vimepangana. Gunzi la kwanza na la pili kwa kila shina yalifaa. La tatu, ambalo pakiti inalisifia kwa herufi kubwa, lilikuwa fupi, limepinda, vipunje shaghalabaghala.

Sasa maganda. Bebikoni hulipwa ikiwa imemenywa, na katika kilo 10 za shambani ukipata mbili za kuuza umefanya vizuri. Mimi nilipata kama moja na nusu. Maganda mazito, tabaka juu ya tabaka! Watafiti wanaolinganisha mbegu hizi hupima magunzi kabla na baada ya kumenya. India, ambako mbegu chotara HM-4 ya jimbo la Haryana imepata sifa, vipimo vyote viwili huandikwa. Mbona pakiti za huku zinahesabu magunzi kwa shina tu? Idadi hailipi karo.

Ng'ombe, kwa upande wao, wangeipa kumi. Mavuno huisha mabua yakiwa bado mabichi, na maganda wanayapigania.

Msimu ujao naipanda tena, shamba la juu peke yake. Upande wa mfereji nitaweka mishiri, yale maharagwe ya kuchumwa machanga, mpaka jirani avune.