Mama kijacho, kabla hujakata bima uliza: mtoto atatibiwa kwa kadi ya nani?

Nilijifungulia hospitali binafsi, na kadi yangu ilisoma vizuri. Oparesheni ililipwa, kitanda kililipwa, hata dawa za maumivu. Siku ya tatu mwanangu akawa wa manjano mpaka ndani ya macho, akapelekwa kwenye taa, na nesi akafungua jalada jipya lililoandikwa "Mtoto wa", kisha jina langu. Jalada jipya maana yake mgonjwa mpya, na mgonjwa huyo hakuwa na bima. Siku ya kuruhusiwa mume wangu alisimama kwa keshia akiwapigia kaka zake simu, anatafuta 380,000. Mimi nimekaa kwenye benchi na mshono wangu, mtoto mapajani.

Kampuni iliyoniuzia, jina lake silitaji. Wakala alikuja ofisini kwetu na kipeperushi kilichoandikwa "uzazi umo". Umo kweli, wa mama. Nilipowasimulia wenzangu, wawili wakaniambia yaliwakuta hayo hayo, mmoja kwa mtoto njiti aliyekaa wiki tatu kwenye joto.

Kwa hiyo sitawachosha na habari za chumba cha peke yako wala miwani. Mimi napanga bima kwa swali moja: tangu mtoto anapokatwa kitovu mpaka jina lake linapoingia kwenye mfumo, anatibiwa kwa kadi ya nani, na mwisho shilingi ngapi? Jibu ulione kwenye mkataba. La mdomoni halifiki kwa keshia.

Namba moja kwangu ni NHIF ya ajira, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya unaokatwa kwenye mshahara, na upendeleo wangu siufichi. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wanagawana nusu kwa nusu. Inabeba mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi 4. Mtoto wangu wa pili nimemzaa kwa kadi hiyo, baada ya mume wangu kuajiriwa, na hakuna aliyenipigia hesabu ya kikomo cha uzazi. Kwa hapa Dodoma, kadi inayokufikisha General, yaani hospitali ya mkoa, na ukipewa rufaa ikakupeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa si ya kuchezea, maana mtoto akizidiwa ndiko anakokimbizwa.

Ila hizo nafasi 4 ziangalie mapema. Mwanaume akipata kazi anaandika baba, mama, watoto wawili, nafasi zimekwisha, na mke ana mimba. Kaeni chini mhesabu majina mimba ikiwa bado changa. Wazazi wana haki yao, lakini mtoto huyu hana pengine pa kwenda. Akishazaliwa, usitoke wodini bila tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali inayoonyesha mtoto amezaliwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka 5 hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo anza kukifuatilia mapema, umsajili kwenye bima. Usingoje arobaini.

Ya pili ni bima binafsi inayolipwa na mwajiri kwa wafanyakazi wote. Ukiwa kwenye kundi, masharti ya uzazi huwa laini kuliko ukienda peke yako. Uliza kama oparesheni na kuzaa kwa kawaida vina kikomo kimoja, kisha rudia swali langu la kadi ya mtoto. Afisa utumishi akisema "nadhani", mwambie akupe mkataba uusome mwenyewe.

Ya tatu ni vifurushi vya kujilipia, na hapa ndipo nina hasira. Vina muda wa kusubiri kwa uzazi. Kwa makampuni binafsi miezi 10 au 12 ni kawaida. Wakala anaona tumbo lako la miezi mitano, anapokea hela yako, na hasemi kwamba mimba hiyo haitaguswa. Yeye kamisheni yake ameshapata. Na bei ya kifurushi cha mtoto usiichukue kwa jirani. Toto Afya Kadi ya NHIF ilikuwa 50,400 kwa mwaka, watu bado wanaitaja, wakati Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa ukahamishiwa shuleni. Kichanga alikuwa anasoma shule gani? Bei na utaratibu wa sasa viulize kwenye ofisi yenyewe.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6, na Dodoma ni kati ya mikoa iliyoijaribu kwanza. Ilianzia zahanati na kuishia hospitali ya mkoa kwa rufaa. Benjamin Mkapa haikufika.

Na wewe uliye na miezi saba bila bima, kifurushi cha kujilipia usinunue sasa kwa ajili ya mimba hii. Kwa sera, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawalipi kwenye vituo vya serikali. Ukweli wa wodini tunaujua: glavu, pamba, mpira wa kulalia na vibana kitovu unakwenda navyo mwenyewe. Vinunue kidogo kidogo kuanzia leo. Ile hela aliyoitaka wakala iweke kwenye simu, laini ambayo mumeo haitumii kwa vocha, na usiiguse mpaka mtoto amalize wiki mbili za kwanza.